Chuo Chako Hakijulikani. Kazi Yako Ijulikane

Ikiwa unasomea kompyuta ng'ambo, katika chuo ambacho kila ukitaja jina lake watu hukuuliza, "Hicho nacho ni cha wapi?", basi vuta kiti ukae. Haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi pia nilisoma katika chuo cha aina hiyo, kusini mwa India, katika mji ambao hata Wahindi niliokutana nao baadaye walitaka niwaonyeshe kwenye ramani. Kutoka hapo nilipata nafasi ya uanagenzi katika kampuni kubwa ya kuunda programu huko Ulaya, yaani ile kazi ya miezi michache ambayo mwanafunzi hufanya wakati wa likizo ndefu na ambayo mara nyingi ndiyo mlango wa ajira. Nikaajiriwa, nikadumu, na miaka yangu ya mwisho kazini niliipitisha upande wa pili wa meza, nikiwasaili vijana waliotaka kuingia kama nilivyoingia mimi. Mwaka jana nilistaafu mapema nikarudi Eldoret, na sasa naishi mtaa wa Kapsoya.

Majirani wangu wanajua tu kwamba nilikuwa "mtu wa kompyuta". Kwa sababu hiyo huniletea rimoti za televisheni. Juzi bwana mmoja alikuja na redio ya gari, waya zikining'inia. Nilipomwambia kwamba redio sizijui, alinitazama kwa masikitiko.

"Mama Kibet, na ulikaa Ulaya miaka hiyo yote?"

Sikumlaumu. Kazi yenyewe ni ngumu kuieleza, na kupata nafasi ya kuifanya ni kugumu zaidi. Nafasi moja hugombaniwa na vijana wengi mno, na wengi wao hutoka katika vyuo ambavyo majina yake yanatosha kuwafungulia mlango kabla hawajabisha.

Mtu wa kwanza kunionyesha namna mlango huo unavyofunguliwa ni mkubwa wangu wa kwanza kazini, mama mmoja mwenye sauti ya ukali na moyo wa huruma, aliyeitwa Greta. Enzi zile maombi yalikuja kwa karatasi. Greta aliyapanga mezani, na kila alipochukua moja aliweka kikombe chake cha kahawa juu ya sehemu yenye jina la chuo, kisha akaanza kusoma kutoka chini. Nilimuuliza kwa nini.

"Nikiliona jina la chuo kwanza," akaniambia, "nitaacha kusoma. Nitadhani nimeshamjua huyu mtu."

Nikapata ujasiri wa kumuuliza kama maombi yangu pia aliyasoma hivyo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kikombe siku ile kilikuwa kinavuja, jina la chuo changu likalowa lote, na mpaka ananiita kwenye usaili alikuwa hajui nilikosoma. Kwa hiyo mimi niliingia Ulaya kwa neema ya kahawa. Nimewasimulia vijana wengi kisa hiki, na huwa naongeza haraka kwamba wasikitegemee. Siku hizi kinachosoma kwanza si Greta, ni mashine, na mashine hainywi kahawa. Hutafuta maneno yaliyo katika tangazo la kazi. Isipoyaona katika wasifu wako, huuweka kando, na hakuna binadamu atakayejua kwamba uliwahi kuomba. Soma tangazo. Likitaja lugha fulani ya programu unayoijua, itaje kwa jina lilelile. Usiandike "nina ujuzi mpana wa kompyuta." Hata mwenye saibakafe anao.

Sasa nikueleze habari za Nasimiyu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niketi kuandika.

Mama yake ni fundi wa kushona huko Yamumbi. Familia yao ilitoka upande wa Bungoma zamani, na yeye ndiye aliyenishonea karibu kila vazi tangu niliporudi. Mwezi wa Agosti nilikuwa nimesimama katika duka lake, nguo imebanwa kwa pini pande zote, aliponisukumia simu, spika ikiwa imewashwa.

"Mama Kibet, ongea na huyu mtoto. Anataka kuacha kompyuta. Ati aende kuosha wazee."

"Mum, si kuosha, ni kuwatunza," ikasema sauti kutoka Ulaya Mashariki, ambako Nasimiyu alikuwa akisoma katika chuo kidogo cha mji mdogo.

"Kutunza ndiyo nini? Hapa wazee hawako? Si uanze na nyanya yako!"

Nikamwomba mama avute pumzi, nikamsikiliza msichana. Chuo chao hakimruhusu mwanafunzi kuingia mwaka wa mwisho bila kufanya kazi ya uanagenzi mahali fulani. Alikuwa ameomba kwa misimu miwili na kukataliwa kote. Iwapo angekosa tena, angebaki palepale alipo. Chuo hichohicho kilikuwa na kozi ya kuwatunza wazee, yenye nafasi za kutosha, na mlango wa kuhamia huko ungefungwa mwishoni mwa Januari. Kazi ya kuwatunza wazee ni ya heshima, na nilimwambia hivyo. Nikamuuliza kama anaitaka.

"Anti, nataka tu mahali watakaponikubali."

Mama yake hakujua programu ni kitu gani. Alichojua, aliniambia akinitoa pini begani, ni kwamba binti yake akianza kuzungumzia mambo yale hata sauti yake hubadilika, na kwamba tangu mwaka uliotangulia hakuwa ameisikia sauti hiyo.

Nikamwambia Nasimiyu anitumie wasifu wake. Ulifika jioni hiyo, kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake akiwa amevaa nguo ya msimamizi wa bibi harusi, nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, na alama zake za mtihani wa darasa la nane. Uraibu: kusoma Biblia, kusafiri na kutangamana na watu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na wadhamini watatu: mwalimu mkuu wa shule ya msingi, pasta na chifu. Nikampigia.

"Nasimiyu, kompyuta iko wapi?"

"Iko ukurasa wa tatu, Anti."

"Na pasta anajua kuandika programu?"

"Hapana. Lakini ananijua mimi."

"Na chifu?"

"Chifu anajuana na baba."

Msimcheke. Hapa kwetu wasifu huandikwa hivyo hasa, na mwenye ofisi akiona jina la pasta anayemfahamu, moyo wake hutulia. Kule wanataka kujua jambo moja: umetengeneza nini kwa mikono yako, na wanaweza kukiona wapi? Kwa hiyo tulifuta. Picha ikaenda, dini ikaenda, chifu akaenda, alama za darasa la nane zikaenda huku Nasimiyu akiguna, kwa maana alikuwa amefanya vizuri sana. Ulipobaki ukurasa mmoja, nikaona mstari uliokuwa umefichwa na yote hayo: "Tulishiriki katika mradi wa kikundi kuhusu mashine za kufulia." Nikamuuliza ni mradi gani huo.

Akaanza kueleza, na hapo ndipo nilipoisikia ile sauti aliyoisema mama yake. Katika bweni lao kulikuwa na mashine chache za kufua nguo na wanafunzi wengi wasio na subira. Yeye na wenzake watatu walitengeneza programu ya kumwezesha mtu kujiwekea zamu kwa simu. Bweni zima liliitumia. Kitu chenye watumiaji halisi, wanaolalamika kwelikweli, na yeye alikuwa amekizika ukurasa wa tatu chini ya uraibu wake! Tukakipandisha juu kabisa.

Jambo lingine lililomponza ni wakati. Nasimiyu alikuwa akiomba kazi mwezi wa Aprili, kama tunavyofanya huku, ambapo mwanafunzi huchukua barua ya chuo na kuzunguka ofisi baada ya ofisi wiki chache kabla ya likizo. Kampuni kubwa za kule hufungua maombi msimu wa kiangazi unapokwisha, kwa ajili ya kiangazi cha mwaka unaofuata, na nafasi zikijaa hufunga. Anayeomba Aprili anabisha nyumba ambayo wenyewe walishalala. Safari hii alituma maombi wiki ileile yalipofunguliwa. Na usiombe kampuni zile tu ambazo kila mtu anazijua. Nyuma yake zipo nyingine ndogo zinazoandika programu za hospitali, za bandari, za maghala, na huko foleni ni fupi.

Nimekumbuka kijana mmoja, wa hapahapa Uasin Gishu, aliyewahi kuniandikia nikiwa bado kazini. Kumwandikia mtu usiyemjua ambaye yumo ndani ya kampuni ni jambo jema, nami huwahimiza wote wafanye hivyo. Lakini barua ya yule kijana ilinisalimu mimi, ikasalimu familia yangu, ikanishukuru kwa muda wangu, ikaomba radhi kwa kunisumbua, ikaniombea baraka, kisha ikaisha. Ilibidi nimwandikie kumuuliza alikuwa anataka nini. Akajibu, "Samahani Mama, niliona si adabu kuomba siku ya kwanza." Nilimpenda sana. Nafasi aliyotaka, hata hivyo, ilikuwa imeshachukuliwa na mtu asiye na adabu. Andika salamu moja, useme umetengeneza nini, uulize swali moja linaloweza kujibiwa kwa dakika mbili. Heshima yako itaonekana katika ufupi.

Turudi kwa Nasimiyu. Tulianza mazoezi ya usaili kwa njia ya video, kila Jumamosi. Swali la kwanza ni lile linaloulizwa kote duniani: tueleze kidogo kukuhusu. Akakaa vizuri, akasafisha koo.

"Kwa majina naitwa Nasimiyu. Mimi ni mzaliwa wa tatu katika familia ya watoto watano. Nimeokoka, na nampenda Yesu kama mwokozi wa maisha yangu."

Nikajaribu kutocheka, nikashindwa. Naye akacheka. "Aki Anti, ilitoka yenyewe!"

Yeyote aliyewahi kuambiwa asimame mbele ya kanisa ajitambulishe anajua namna maneno hayo yanavyotoka yenyewe. Tatizo halikuwa wokovu wake. Tatizo ni kwamba maneno hayo yalikuja pamoja na desturi nyingine ya ushuhuda: anayeshuhudia hajisifu. Akifaulu, ni Mungu. Na kama si Mungu, ni wenzake. Kila nilipomuuliza kuhusu mradi, alijibu kwa "tu". Tulifikiri, tuliandika, tulirekebisha. Nimewasaili vijana wengi wa kwetu walioanguka hapo. Msaili husikia "tu" hiyo na kuandika pembeni kwamba hakuelewa huyu alifanya nini hasa. Hajui kwamba mbele yake ameketi mtu aliyelelewa vizuri.

Basi nikawa kero. "Tu ni kina nani? Nani aliandika sehemu hiyo? Nani aligundua kosa?" Nikimsikia akisema "tu" nagonga meza kwa kijiko. Nilimfundisha pia kufikiri kwa sauti. Sisi tulizoeshwa kwamba mkubwa akikuuliza jambo zito, unanyamaza, unatafakari, kisha unatoa jibu lililoiva. Kule msaili anataka kukusikia ukipika. Ukinyamaza, anadhani jiko halijawashwa. Kufikia Novemba msichana aliweza kutatua fumbo la programu huku akisimulia kila hatua, hata pale alipopotea njia, nami nikakiweka kijiko kabatini.

Kati ya maombi yote aliyotuma, kampuni moja tu ilimwita kwenye usaili wa mwisho, nayo ni kubwa, ya aina ile inayogombaniwa. Usaili ukaangukia Desemba, alipokuwa amekuja nyumbani kwa harusi ya dada yake. Aliufanyia sebuleni kwangu kwa sababu nina betri inayoshika umeme ukipotea. Mama yake aliandamana naye, akaapa kwamba amekuja kuomba kimyakimya tu na hatafungua mdomo. Tukaketi sisi wawili upande ambao kamera haikufika.

Msaili alikuwa kijana mwenye ndevu aliyejitambulisha kwa jina la Lukas. Alimpa fumbo, na Nasimiyu akaanza kulitatua kwa sauti, vizuri kabisa. Katikati umeme ukapotea, taa zikazimika, betri ikashika. Nasimiyu hakusita hata kidogo. Mama yake akanifinya goti. Fumbo likaisha. Kisha Lukas akainamia wasifu.

"Umeandika hapa kwamba programu yenu ilizuia watu wawili kuchukua mashine moja kwa wakati mmoja. Ulilitatua vipi tatizo hilo?"

Hapo ndipo nilipojiandaa kufurahi. Swali lile tulikuwa tumelizungukia mara nyingi. Nikasubiri "nilifanya" nyingi, zilizopangwa vizuri.

"Tatizo nililigundua mimi," akasema Nasimiyu. "Suluhisho si langu. Liliandikwa na mwenzangu anayeitwa Pavel."

Mama yake, ambaye hakuelewa neno la Kiingereza chao lakini aliuona uso wangu, akaninong'oneza, "Amesema nini?"

"Amempa mtu mwingine sifa."

"Si ulimkataza?"

"Nyamaza, mama."

Lukas akaandika kitu. "Sawa. Pavel alipoandika suluhisho, wewe ulifanya nini?"

"Nilijaribu kulivunja."

Lukas akainua kichwa.

Nasimiyu akamweleza, taratibu, macho yakimng'aa. Alikuwa ameandika programu ndogo inayojifanya wanafunzi wengi wanaobonyeza kitufe kwa wakati mmoja, kama Jumapili jioni bweni zima linapokumbuka kwamba halina soksi safi. Kazi ya Pavel ikashikilia. Akajaribu njia nyingine: akakata intaneti katikati, mtu anapoanza kuweka zamu lakini kabla hajamaliza. Mashine ikabaki imefungwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, na hakuna aliyeweza kuitumia mpaka asubuhi. "Hilo ndilo nililolitatua mimi," akasema. Alifanya zamu ambayo haijakamilika ijifute yenyewe baada ya muda mfupi.

"Na baada ya hapo ulijaribu kuivunja tena?"

"Bado ninajaribu."

Lukas akacheka, akaweka kalamu chini, na dakika zilizobaki walizungumza kama watu wawili walioinamia injini moja. Mwishoni kabisa ndipo alipomuuliza chuo chake kiko upande gani wa nchi. Nasimiyu akamjibu kwa sentensi moja, kisha akamuuliza wanagenzi wao hupewa kazi gani wiki ya kwanza.

Alipofunga kompyuta mabega yalimshuka. "Nimeharibu, Anti? Singeweza kusema ni yangu. Pavel alilala maabara kwa sababu ya ile kitu."

Nilikuwa nimeketi upande wa Lukas miaka mingi. Nilikuwa nimemfundisha kusema "mimi" kama dawa ya kunywa kila baada ya sentensi. Yeye alikuwa ameipima: hapa mimi, hapa mwenzangu, hapa mimi tena. Ndivyo usahihi ulivyo, na mhandisi yeyote anayefaa huutambua akiusikia. Lakini mhandisi yeyote anayefaa pia hupewa orodha ya kujaza alama, na orodha haina masikio.

"Sijui," nikamwambia.

"Mimi nimependa vile huyo kijana alicheka," akasema mama yake, akainuka kutengeneza chai.

Harusi ikapita. Mwaka ukageuka. Nasimiyu alikuwa amebakisha siku chache kabla ya kusafiri, na alikuwa ameshajaza maombi ya kuhamia ile kozi nyingine, ila hakuwa ameyatuma. Nilikuwa tena dukani Yamumbi, nimesimama juu ya kigoda, mama yake akiwa amepiga magoti akinipimia pindo. Nasimiyu aliketi mlangoni na simu yake. Ghafla akasema, kwa sauti ya chini, "Wamejibu."

Cherehani ya msichana msaidizi ikasimama. "Soma!" mama yake akaamuru, pini zikiwa mdomoni.

"Wananiuliza kama nitaweza kuanza Juni."

Mama Nasimiyu alitema pini, akapiga vigelegele vilivyomtoa mwenye duka la mbolea upande wa pili wa barabara. Wateja wawili waliokuja kuulizia sare za shule wakajiunga bila kujua wanashangilia nini. Mimi nikafanya nilichozoea kufanya kwa kila barua aliyoiandika tangu Agosti.

"Ngoja, usijibu bado. Lete hiyo simu nikusaidie kupanga maneno. Miwani yangu iko wapi?"

Nikaanza kupekua mkoba. Nilipoipata na kuivaa, Nasimiyu alikuwa ameshaweka simu mfukoni.

"Nimeshatuma, Anti."

"Umeandika nini?"

"Kwamba ninakuja, na kwamba Juni ni sawa."

"Basi?"

"Basi."

Nikatafuta la kusahihisha, sikupata. Mama yake akafuta machozi kwa mkanda wa kupimia, akaurudisha kwenye pindo langu.

"Mama Kibet, simama wima," akasema. "Wewe sasa ndiye unanichelewesha."